Mizani ya Kijiji: Tarakimu za Afya ni Mali ya Nani?

Miongoni mwa vyombo vyote vinavyotumika katika sayansi ya afya, pengine hakuna kilicho rahisi kueleweka kuliko mizani ya kupimia watoto. Huning'inizwa kwenye tawi la mti au kwenye boriti ya zahanati. Mtoto huvalishwa mkoba wa kitambaa wenye matundu mawili ya miguu, akatundikwa kwenye ndoano. Mshale huzunguka, kisha husimama, na mpimaji husoma kilo. Kazi yote haizidi dakika chache. Swali gumu huanza baada ya hapo: tarakimu iliyosomwa huenda wapi, na ni nani anayeitumia kuamua jambo?

Watu wengi hudhani kwamba tofauti za afya baina ya watu, baina ya mji na shamba, au baina ya mkoa na mkoa, zitapungua pindi madaktari na dawa zitakapoongezeka. Madaktari na dawa hapana budi viwepo. Hata hivyo, historia ya afya nchini Tanzania inafundisha jambo jingine ambalo halijapewa uzito unaostahili: utafiti hupunguza tofauti za afya pale tu matokeo yake yanaporudi mikononi mwa wale waliopimwa, yakajadiliwa nao, na yakageuka kuwa uamuzi wao. Tarakimu inayopanda kwenda juu bila kurudi chini huongeza maarifa ya wachache, lakini haimwongezei mtoto uzito.

Wastani unaoficha

Yafaa kwanza kutazama kwa nini tofauti za afya ni ngumu kuonekana. Ichukuliwe mithali ya vijiji viwili, kimoja cha mlimani na kingine cha bondeni, kila kimoja kikiwa na watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano. Mlimani watoto 10 wamepungukiwa uzito. Bondeni watoto 50. Afisa aliyeko makao makuu ya wilaya akijumlisha na kugawanya atapata wastani wa watoto 30 katika kila 100. Hesabu yake ni sahihi, lakini hakuna kijiji hata kimoja chenye hali hiyo. Akigawa fedha na wahudumu sawasawa kwa kufuata wastani, mlimani watapata kupita mahitaji yao na bondeni watapungukiwa, na tofauti iliyokuwapo itabaki palepale.

Mithali hiyo haiko mbali na mambo yalivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi mno kuliko umri wao ulivyostahili. Mwaka 2010 walikuwa 42. Haya ni maendeleo makubwa, na hayapaswi kubezwa. Lakini katika Mkoa wa Iringa utafiti huohuo wa 2022 ulikuta watoto wapatao 57 katika kila 100 wamedumaa, karibu mara mbili ya wastani wa taifa. Ili uzito wa tarakimu hizo ueleweke, ikumbukwe kwamba hata katika umma uliolishwa na kutunzwa vema, watoto wawili hivi katika kila 100 huwa wafupi kiasi hicho kwa maumbile yao tu.

Msomaji atastaajabu, kwa maana Iringa ni miongoni mwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayolilisha taifa mahindi. Atastaajabu zaidi akijua kwamba mkoa huohuo ndio uliowahi kuufundisha ulimwengu namna kijiji kinavyoweza kujipima na kujitibu.

Iringa, 1983 hadi 1988

Mwaka 1983 Serikali ya Tanzania, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF), na kwa fedha zilizotolewa na Serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa. Wakati ule mkoa ulijumuisha pia eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Njombe. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilitoa utaalamu wake. Kazi ilianza katika vijiji 168.

Waanzilishi wa mpango huo waliukataa mtindo uliozoeleka wa mtafiti kufika kijijini, kupima, kuandika na kuaga, kisha kuyachapisha matokeo katika lugha ambayo waliopimwa hawaisomi. Badala yake, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kupima wenyewe. Kila baada ya miezi mitatu ilitengwa siku ya afya ya kijiji, na uzito wa kila mtoto ukaandikwa kwenye kadi yenye rangi tatu. Kijani ilikuwa ya mtoto mwenye uzito wa kuridhisha; kijivu ya mtoto aliyepungua chini ya asilimia 80 ya uzito wa kiwango; na nyekundu ya mtoto aliyeshuka chini ya asilimia 60, ambaye maisha yake yalikuwa hatarini. Mama asiyejua kusoma aliweza kuiona rangi.

Baada ya upimaji, idadi ya watoto wa kila rangi ilifikishwa kwanza kwa kamati ya afya na halmashauri ya kijiji, ndipo ikapanda kwenye kata, tarafa na wilaya. Utaratibu huo, unaoonekana mdogo, ndio uliokuwa kiini cha mpango. Kijiji kilitakiwa kijiulize: watoto wenye rangi nyekundu ni wangapi, wanaishi vitongoji gani, kwa nini wako hivyo, na ni jambo gani linaloweza kufanywa kabla ya upimaji ujao? Baada ya miezi mitatu mizani ilirudi na kuonyesha kama jambo lililofanywa lilifaa. Mwalimu wa sayansi ataitambua mara moja njia hiyo: kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena. Ni njia ileile inayofundishwa katika maabara ya shule, ila hapa imehamishiwa chini ya mwembe.

Matokeo yalionekana. Katika vijiji hivyo vya mwanzo, watoto waliopungukiwa uzito walikuwa takriban 56 katika kila 100 mwaka 1984. Mwaka 1988 walikuwa 38. Wale wa rangi nyekundu walishuka kutoka zaidi ya 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Mwanasayansi mwangalifu atasema kwamba mvua, bei ya mazao na chanjo navyo huathiri uzito wa watoto, na atakuwa na haki. Hata hivyo, upungufu mkali uliposhuka chini ya theluthi ya ulivyokuwa katika muda wa miaka minne, ulistahili kuchunguzwa, na kwa kweli ulichunguzwa. Mwaka 1990 UNICEF ilipotangaza mfumo wake wa kueleza visababishi vya utapiamlo, wenye kutaja chakula, malezi, na huduma za afya pamoja na mazingira safi, ulikuwa umejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mafunzo ya Iringa.

Uji na tumbo la mtoto

Yawezekanaje mtoto apungukiwe uzito katika nyumba yenye magunia ya mahindi? Jibu moja linapatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa sekondari anaweza kuifanya.

Mtoto wa kilo 8 ana tumbo linalochukua takriban robo lita kwa mlo mmoja. Unga unapochemshwa, wanga wake hunyonya maji na kuvimba, na uji ukawa mzito. Kwa kuwa mtoto hawezi kuumeza, mama huongeza maji. Uji mwepesi wa namna hiyo huwa na gramu 10 hivi za unga katika kila gramu 100. Basi katika robo lita mna gramu 25 za unga, ambazo hutoa takriban kilokalori 90. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya huhitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka katika vyakula vingine mbali na maziwa ya mama. Akipewa uji huo mara mbili tu kwa kutwa, hupata 180. Tumbo limejaa, mtoto amenyamaza, lakini mwili una njaa.

Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe walichunguza jambo ambalo wapika pombe walilijua tangu kale, nalo ni kimea. Ulezi ukilowekwa, ukaoteshwa, ukakaushwa na kusagwa, huwa na kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho hukatakata minyororo mirefu ya wanga. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, uji hulainika bila kuongezwa maji. Mama aweza kutumia unga mara mbili ya kawaida, gramu 20 katika kila gramu 100, na mtoto bado akameza. Robo lita ileile sasa hutoa kilokalori 180, na milo miwili hutoa 360.

Lakini maarifa hayo, ingawa ni mazuri, hayakutosha peke yake. Uji huleta nguvu. Kimo cha mtoto huhitaji pia maharage, dagaa, maziwa, mboga na matunda, na huhitaji maji safi na choo ili kuhara kusipoteze kilicholiwa. Zaidi ya hayo, maabara haiwezi kujibu kwa nini mtoto alishwe mara mbili tu. Swali hilo lilijibiwa vijijini: mama yuko shambani tangu alfajiri, kisha huenda kuteka maji na kutafuta kuni, na mtoto hubaki na dada yake mdogo. Ndiyo maana baadhi ya vijiji viliamua kuanzisha vituo vya kuwalisha watoto mchana kwa chakula kilichochangwa na wazazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu aliijua amilesi, kijiji kikaijua ratiba ya siku ya mama, na tiba ikapatikana maarifa hayo mawili yalipokutana.

Rufiji na Morogoro

Mfano wa pili unahusu sera na fedha. Kuanzia mwaka 1997 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Utafiti wa Maendeleo ya Kimataifa cha Kanada, iliendesha mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lilikuwa jepesi: je, fedha za afya za wilaya hutumika kwa magonjwa yanayoua watu wa wilaya hiyo?

Daftari za hospitali hazikuweza kulijibu, kwa sababu watu wengi walifia nyumbani. Basi watumishi walipita nyumba kwa nyumba, wakaandika vizazi na vifo, na wakawauliza wafiwa dalili za maradhi ya marehemu. Matokeo yaligeuzwa kuwa michoro myepesi ambayo kamati za afya za wilaya ziliweza kuisoma. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba malaria na maradhi mengine ya watoto yalichukua sehemu kubwa ya maisha yaliyopotea, lakini yalipewa sehemu ndogo ya bajeti. Wilaya zikabadilisha mgawo wao. Nyongeza ya fedha iliyotumika ilikuwa chini ya dola 1 ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka, na katika miaka michache vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Iringa tarakimu zilirudi kijijini. Rufiji na Morogoro zilirudi wilayani. Pote pawili zilirudi kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kuamua, na zikamfikia kwa umbo analoweza kulisoma.

Mbona Iringa tena?

Je, udumavu uliokutwa Iringa mwaka 2022 unaonyesha kwamba kazi ya miaka ya 1980 ilikuwa bure? La hasha. Kwanza, vipimo si vilevile: zamani ulipimwa uzito kwa umri, na udumavu hupimwa kwa kimo kwa umri. Kilo zaweza kurudi katika majuma machache, bali kimo kilichokosekana katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ni vigumu kukifidia. Pili, lishe haifanani na daraja ambalo likishajengwa watu huvuka miaka mingi. Kila mwaka huzaliwa watoto wapya, na kila mwaka kazi huanza upya. Mtoto aliyepimwa mwaka 1985 leo ni mtu wa makamo. Rangi ya kijani katika kadi yake haiwezi kumlisha mjukuu wake.

Kwa hiyo la kuuliza ni kama utaratibu wa kijiji kujisomea hali yake ungali hai. Vyombo vipo. Kila robo mwaka hufanyika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayojulikana kwa kifupi kama SALiKi. Upo Mkataba wa Lishe ambao viongozi wa mikoa na wilaya huutia saini, na halmashauri zimeelekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mwezi Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika muda wa miaka mitano. Kilicho hatarini ni kwamba tarakimu zinazokusanywa na wahudumu hao zitaingia katika fomu, fomu zitaingia katika kompyuta, na kompyuta zitatoa taarifa nzuri za taifa, huku wazazi wa kitongoji chenye watoto wengi waliodumaa wasijue kwamba kitongoji chao kinaongoza.

Mambo matatu yangeweza kuizuia hatari hiyo bila gharama kubwa. La kwanza, matokeo ya SALiKi yawe ajenda ya kudumu katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imeuweka mkutano huo kuwa chombo kikuu cha wananchi kijijini, nao hutakiwa kukaa kila robo mwaka, muda uleule wa upimaji. La pili, fedha za lishe zipangwe kwa kufuata tofauti za vitongoji, si kwa kufuata wastani wa halmashauri. La tatu, vyombo vinavyotoa vibali vya utafiti wa afya vimtake kila mtafiti, mwenyeji au mgeni, arudishe matokeo yake kwa Kiswahili katika mahali alipoyapata, na kibali kijacho kitegemee utekelezaji wa sharti hilo.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba mwanakijiji hawezi kuelewa asilimia. Hao wameisahau kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ambapo watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyepesi kuhusu malaria, kichocho na kuhara, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mtu anayejua debe ngapi zimetoka katika ekari moja mwaka huu na mwaka jana anajua kulinganisha viwango.

Wengine watasema kwamba kutangaza matokeo kutawaaibisha wazazi. Pingamizi hili lina uzito, kwa maana mama akiaibishwa leo hatamleta mtoto kesho. Dawa yake ni kutangaza idadi kwa kitongoji bila kutaja jina la mtoto wala la nyumba, na mazungumzo na mzazi yafanyike faraghani. Wapo pia watakaosema kwamba wapimaji wa kijijini hukosea. Hukosea, kama wapimaji wote wanavyokosea. Kosa hupunguzwa kwa kuhakiki mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana kila kabla ya kazi, na kwa mtu wa pili kurudia kusoma. Zaidi ya yote, mpimaji apewe malipo yake kwa wakati. Kazi ya kudumu haiwezi kujengwa juu ya moyo wa kujitolea wa mtu mmoja.

Kazi ya shule

Shule ya sekondari ni mahali ambapo kijiji kina watu wengi wanaojua kuchora grafu. Mwalimu wa hisabati anaweza kumwomba mhudumu wa afya matokeo ya SALiKi ya vitongoji bila majina, na darasa likatafuta wastani, kisha likaonyesha kile ambacho wastani umeficha. Mwalimu wa jiografia anaweza kuongoza uchoraji wa ramani ya umbali wa maji na zahanati. Mwalimu wa biolojia anaweza kutengeneza vikombe viwili vya uji mzito, akatia kimea katika kimoja, na wanafunzi wakaona kwa macho yao kazi ya amilesi. Grafu zilizochorwa vizuri zaweza kubandikwa katika ofisi ya kijiji, kwa idhini ya serikali ya kijiji, na mwanafunzi akazieleza katika mkutano mkuu kwa lugha ambayo bibi yake ataielewa.

Mwanafunzi atakayefanya hivyo atakuwa amejifunza kwamba kipimo ni mwanzo tu wa kazi. Mshale wa mizani ukishasimama, mpimaji husoma kilo na kuziandika katika kadi. Kadi hiyo yampasa mama aione kwanza, kisha kijiji chake, ndipo iende kwingineko.